Ufunguo wa Chumba cha Tisa

Mimi Somoe. Nafagia.
Hilo liandikwe mwanzo, watu wasije wakaniita daktari.
Nafagia wodi mbili, ukumbi, na vyoo vya kina mama,
na pete ya funguo naining'iniza kiunoni
maana aliyekuwa akizishika alistaafu
na nafasi yake haikujazwa.

Nafasi hazijazwi hapa.
Hata ya Sista Nzilani, aliyeondoka na redio yake ndogo
akaacha leso nyuma ya mlango
na maandishi ya chaki ubaoni:
MUUGUZI WA AKILI: JUMANNE YA KWANZA YA MWEZI.
Huyo wa Jumanne tulimwona mara mbili.
Miezi minne sasa Jumanne inakuja peke yake.
Ubao naupangusa pembeni, maneno nayaacha.
Nikiyafuta nitakuwa nimesema jambo.

Na watu huja.
Mzee Bwanaheri katoka Kizingitini na giza,
kamleta mwanawe amefungwa mikono kwa kamba ya kitanda,
juu kamtupia shuka, ili Langoni wadhani ana homa.
Kombe amekunywa hadi wino wa sahani umekwisha.
"Fungua, mwanangu."
Nikafungua.
Meza. Viti viwili. Kalenda ya mwaka juzi.
Mzee akaitazama meza kama mtu asomaye.
"Atakuja saa ngapi?"

Niseme nini? Kwamba ni mmoja,
na huyo mmoja ana Hindi, ana Mpeketoni, ana Witu,
na kila mahali kuna mlango na mtu amekaa mbele yake?
"Wamemwambia agawanyike," nikasema, "naye si mkate."
Mzee hakucheka. Kijana ndiye aliyecheka,
kicheko cha mtu mzima kabisa,
kisha akaniomba maji.

Dirishani kwa dawa: ya minyoo ipo, ya presha ipo.
Ile yake, njooni mwezi ujao.
Nauli ya mwezi ujao ni mbuzi.
Mbuzi alikuwa mmoja, na ndiye aliyewaleta.

Halafu yule binti wa Matondoni.
Arobaini yake ilitimia juzi, mtoto kabebwa na bibi,
yeye anazungumza na ndoo yangu:
"Nikimshika, naiogopa mikono yangu."
Nilimpa kiti. Sikujua la pili.
Nikapiga deki palepale, palepale,
sakafu ikang'aa kupita haja,
naye akasema yote.
Sikuandika. Faili sina.
Maji ya deki huenda shimoni.
Yale yaliniingia mimi, na mimi shimo sina.

Nikamwambia bibi yake asimwache peke yake usiku.
Je, nilisema sawa?
Nani nimuulize?

Usiku nalala chali nikihesabu boriti.
Ziko kumi na saba. Zimekuwa kumi na saba
tangu Famau, ndugu yangu, avue viatu
akavipanga vizuri kizingitini, akatoka.
Nyumbani tunasema amesafiri.
Mama humwekea sahani.

Jana adhuhuri ukumbi ulipotulia
nilifungua chumba cha tisa bila ya kuagizwa.
Nikakaa. Si kile kiti cha karibu na dirisha,
hiki cha huku, chenye mguu uliofungwa waya.
Ufagio nikauegemeza upande wa pili wa meza.
Ulisimama wima, kimya, kama mtu aliyesomea.

Nikauamkia.
Nikauambia boriti, viatu, sahani,
jinsi ninavyosikia mlango ambao haukugongwa.
Uliniacha niseme.
Nilipolifikia jina lake, ukaanguka.

Nikauokota.
Wodi ya pili ilikuwa bado.